Je, neno "rival" la Kiingereza lina uhusiano na mto?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Mwanafunzi wangu anadai kwamba "rival" limetokana na "river", kwa sababu mahasimu walikaa kila mmoja ng'ambo yake ya mto. Je, ni kweli? Na neno hilo nilifasiri vipi kwa Kiswahili?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameukaribia ukweli, ila ameshika jina lisilo lenyewe. "Rival" limetokana na neno la Kilatini rivalis, ambalo nalo limezaliwa na rivus, yaani kijito au mfereji wa maji. "River" lina asili nyingine kabisa, ripa, maana yake ukingo, na kufanana kwao ni kwa sura tu. Ndugu halisi wa "rival" ni "derive", ambalo awali lilimaanisha kuyachepusha maji.

Tena, hao rivales hawakutenganishwa na maji, bali waliyashiriki. Mwanasheria wa Kirumi Ulpianus, ambaye maneno yake yamehifadhiwa katika Digesta, mkusanyo wa sheria za Kirumi wa mwaka 533, anawaeleza kuwa ni watu wanaovuta maji kwa mfereji mmoja, na anawataja hasa pale wanapogombania matumizi yake. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa zamu wakati wa kiangazi hahitaji maelezo zaidi: jirani wa juu akichelewa kufunga maji yake, wa chini hukuta mboga zimenyauka. Hata hivyo, karne kadhaa kabla ya Ulpianus, watunzi wa vichekesho Plautus na Terentius walikwisha kulitumia neno hilo kwa wanaume wanaomtaka mwanamke mmoja.

Maana ya ushirika haikufa upesi. Katika onyesho la kwanza la Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mlinzi Barnardo anawaita wenzake wa zamu "rivals", na chapa ya mwaka 1603 ina "partners" mahali hapohapo.

Katika kufasiri, "mshindani" hufaa kwa biashara na michezo, na "mpinzani" kwa siasa. "Hasimu", tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya mtu mnayeshtakiana, lina uadui ndani yake, hivyo lisitumiwe ovyo. Linalokaribia zaidi taswira ya mfereji ni "mke mwenza", kwa kuwa mwenza ni mshirika kwanza. Kwa timu mbili za mji mmoja, waandishi wa michezo wa Tanzania wamezoea "watani wa jadi", nami sioni sababu ya kuwasahihisha.