Kwa Nini Nairobi hadi New York ni Saa 15?

SWALI: Mama yangu atasafiri mwezi wa Januari kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ya moja kwa moja. Tiketi inaonyesha kwamba ataondoka saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa saba tu, ilhali wakala ametuambia kuwa safari ni ya saa 15. Nami nikigawanya umbali kwa mwendo wa ndege napata saa 13. Tushike hesabu ipi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Shikeni ya wakala. Saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya Nairobi, na ya kufika ni ya New York, ambako mwezi wa Januari saa huwa nyuma ya zetu kwa saa nane. Mama atakapoondoka saa tano usiku, kule itakuwa saa tisa alasiri, na kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 15 kamili.

Hesabu yako ya saa 13 inastahili maelezo zaidi, kwa maana umegawanya vizuri. Umbali mfupi kabisa kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 11,830, kwa njia inayopita juu ya Chad, Algeria na Moroko kabla ya kuvuka Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Ndege, hata hivyo, ni nadra kuufuata mstari huo barabara, kwani hulazimika kupita katika njia za anga zilizoidhinishwa na kukwepa dhoruba. Tena, ule mwendo wa kilomita 900 kwa saa hupimwa kulingana na hewa inayoizunguka ndege, wala si ardhi iliyo chini yake. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao majira ya baridi huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa; anayeelekea Marekani hupambana nao uso kwa uso. Ongeza pia kwamba muda wa safari huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama mwisho wa safari, na katika kiwanja chenye shughuli nyingi kama John F. Kennedy foleni ya ardhini si jambo dogo.

Wakati wa kurudi, upepo uleule humsukuma msafiri, na safari hupungua hadi saa 14 hivi. Kwa hiyo, iwapo mama ataondoka New York saa sita na nusu mchana kabla ya Wamarekani kusogeza saa zao mbele mwezi wa Machi, mtarajieni Nairobi kesho yake, yapata saa nne na nusu asubuhi.