Maswali ya Wasomaji: Prosija Zilizokosekana Kwenye Nakala Rudufu

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni mtunza mifumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Moshi. Kwa miaka kadhaa skripti yangu imekuwa ikichukua nakala rudufu ya hifadhidata zetu za MySQL kila saa nane usiku, kwa mysqldump, programu ya MySQL ya kunakili hifadhidata, na chaguo la --all-databases. Mwaka jana tulihama kutoka toleo la 5.7 kwenda 8.0, na skripti ikaendelea na kazi bila kulalamika. Mwezi uliopita nilijaribu kurejesha nakala hiyo kwenye mashine ya majaribio. Wanachama, akiba na mikopo vyote vipo, lakini prosija (amri zilizotunzwa ndani ya hifadhidata ziitwe kwa jina) ya kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi haipo, wala nyingine yoyote. Nimesoma mysqldump --help, yaani maelezo mafupi ya programu yenyewe, mwanzo hadi mwisho na sikuona onyo. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yetu wa Moshi, pole kwa mshtuko huo, na hongera kwa kuijaribu nakala yako wakati seva bado ni nzima.

Hadi toleo la 5.7, prosija zilikuwa zikitunzwa ndani ya jedwali liitwalo proc, katika hifadhidata ya mfumo iitwayo mysql. Skripti yako ilipoagiza hifadhidata zote, jedwali hilo lilibebwa pamoja na mengine, na prosija zikasafiri ndani yake bila wewe kuziitisha. Toleo la 8.0, lililotoka rasmi Aprili 2018, liliacha kulitumia jedwali hilo na kuyahamishia maelezo hayo kwenye kamusi ya data ya mfumo, ambayo mysqldump haiinakili. Tangu hapo prosija na fanksheni ni lazima ziombwe kwa --routines, na matukio yaliyopangiwa saa yaombwe kwa --events, hata pale ulipoandika --all-databases. Ongeza machaguo hayo mawili kwenye skripti leo hii, kisha itafute amri ya CREATE yenye neno PROCEDURE ndani ya faili jipya. Ukiikuta, prosija zako zimeingia.

Kuhusu usomaji wako, sioni kosa. Fungua tena --help uiweke mistari mitatu karibu karibu. Mstari wa --triggers unasema kwamba triga (amri zinazojiendesha data ya jedwali inapobadilika) za kila jedwali zitanakiliwa, kisha unaongeza kwamba jambo hilo limewashwa tangu mwanzo na kwamba huzimwa kwa --skip-triggers. Mstari wa --routines unasema tu kwamba prosija na fanksheni zitanakiliwa, na wa --events ni mfupi zaidi ya huo. Hakuna palipoandikwa kwamba usipoyataja machaguo hayo, vitu hivyo vitaachwa nyuma kimya kimya. Mwongozo mkubwa wa MySQL unalieleza badiliko hili, hata kwenye maelezo ya --all-databases, lakini mtu ambaye skripti yake haijatoa kosa lolote hana sababu ya kwenda kuyasoma upya maelezo ya chaguo alilolizoea. Kwangu mimi hilo ni pengo la kweli katika maelezo, kwa kuwa chombo cha kuchukua nakala kina wajibu wa kutaja kile kinachokiacha kwa uwazi uleule kinaotumia kutaja kile kinachokibeba.

Lipo hata hivyo jibu ambalo wengi hulipita, nalo liko mwisho kabisa wa --help hiyohiyo. Baada ya machaguo yote huja orodha ya safu mbili, jina upande wa kushoto na thamani upande wa kulia. Humo utakuta triggers ina TRUE, ilhali routines na events zina FALSE. Kumbuka tu kwamba thamani hizo huonyeshwa baada ya faili za mipangilio kusomwa, kwa hiyo mtu aliyeandika routines chini ya [mysqldump] katika my.cnf ataona TRUE, na mashine mbili za ofisi moja zinaweza kutoa majibu tofauti. Ukitaka kujua ni nini kimetoka kwenye faili hizo, tumia mysqldump --print-defaults.

Ushauri wangu ni kwamba kwa kila chaguo ujiulize kitatokea nini usipoliandika, na maelezo yakinyamaza, unda hifadhidata ndogo yenye jedwali moja, triga moja, prosija moja na tukio moja, uinakili, uirejeshe, uhesabu kilichorudi. Lirudie jaribio hilo kila mnapobadilisha toleo. Na pengo ulilolipata usikae nalo: MySQL ina sehemu ya kupokea ripoti za kasoro, zikiwemo za maelezo, na kurasa za mwongozo wa PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, zina kiungo cha kutuma masahihisho.

SWALI: Mhariri, naandika mysqldump -p siri duka, ambapo siri ni nywila na duka ni hifadhidata. Naulizwa nywila tena, kisha naambiwa hakuna hifadhidata iitwayo siri. Kwa nini? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu yangu, nafasi uliyoacha baada ya -p ndiyo iliyoleta tatizo. Nywila ikifuata -p ni lazima iungane nayo bila nafasi. Vinginevyo programu huona hukutoa nywila, ikakuuliza, kisha ikalichukua neno siri kuwa hifadhidata na duka kuwa jedwali ndani yake. Mwongozo unalisema hili, lakini mstari wa -p katika --help hauitaji nafasi hiyo kabisa. Anayetoka kwenye PostgreSQL hutatizika zaidi, maana huko -p ni namba ya poti, ambayo kwa MySQL huandikwa -P kwa herufi kubwa. Andika mysqldump -p duka, uingize nywila unapoulizwa, nayo haitabaki kwenye kumbukumbu ya amri zako.