Msimu wa kahawa umeanza, nibadilishe kompaila?

Shikamoo mwalimu. Nimekiandikia chama chetu cha msingi programu ya kurekodi kilo za kahawa za kila mkulima na kumtumia SMS. Nilianza na lugha ya programu ya Go, toleo la 1.19, na sijahama. Kila Februari na Agosti linatoka toleo jipya, na wenzangu wananisukuma nihame. Naogopa kuharibu kazi katikati ya mapokezi. Nifanyeje?
Msomaji, Kiboriloni, Moshi

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi, maana mkulima aliyeshusha gunia lake toka mlimani anataka kilo zake zisomeke sawasawa, basi. Hata hivyo, hatari kubwa iko hapo ulipo. Viraka vya usalama hutolewa kwa matoleo makuu mawili ya karibuni tu. Agosti 2023 ilipotoka 1.21, yako ikaachwa. Oktoba mwaka huohuo kilitoka kiraka cha net/http, kifurushi cha Go cha kuhudumia wavuti, kuzuia mtu asiielemee seva ya HTTP/2 (toleo la pili la itifaki ya wavuti) kwa kufungua maombi na kuyafuta papo hapo. Waliokuwa kwenye 1.20 na 1.21 walikipata. Wewe hukukipata.

Kuhusu programu kuvunjika: tangu Go 1, Machi 2012, waundaji wake waliahidi kwamba msimbo wa zamani utaendelea kukubaliwa na kompaila mpya, yaani programu inayogeuza msimbo uwe programu ya kuendeshwa. Nafundisha vijana hapa Arusha kwa lugha hii, na ahadi hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuichagua.

Badiliko moja linakuhusu hasa wewe unayetuma SMS. Zamani kitanzi cha for, kinachorudia kazi mara nyingi, kilitumia kibadilika kimoja (jina linaloshika thamani) kwa mizunguko yote. Ukianzisha go func (kazi inayokwenda sambamba na nyingine) ndani yake kwa kila mkulima, kitanzi kinaweza kumaliza kabla ujumbe haujaondoka, na wote wakamwendea mkulima wa mwisho. Ndiyo maana tuliandika ule mstari wa mkulima := mkulima, unaotengeneza nakala mpya kila mzunguko. Kosa la aina hiyo liliwapata hata Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya usalama vya tovuti, mwaka 2020, likagusa vyeti zaidi ya milioni 3. Kuanzia 1.22, Februari 2024, kila mzunguko una kibadilika chake. Nilifurahi sana, kwa kuwa kosa hilo lilikuwa likiwaliza wanafunzi wazuri kabisa.

Lakini badiliko hilo halikuvamii. Kompaila husoma mstari wa go kwenye faili lako la go.mod, linaloeleza mradi wako na toleo la Go; ukiandikwa 1.19, vitanzi vinabaki na tabia ya zamani hata kama kompaila ni mpya kabisa. Kwa hiyo gawanya kazi. Sasa hivi weka kompaila mpya kwenye mashine ya majaribio, go.mod usiiguse, endesha go test (amri ya kuendesha majaribio), pima na rekodi za msimu uliopita. Namba zikilingana, peleka kwenye seva. Viraka utakuwa umevipata.

Mapokezi yakiisha ndipo upandishe ule mstari. Hapo utaweza kutumia min na max, za kupata thamani ndogo na kubwa, bila kuziandika mwenyewe. Vifurushi vya slices na maps, vya kushughulikia orodha na ramani za data, vilivyoingia maktaba sanifu kwenye 1.21, huna haja ya kuvisubiria. Jaribio likianguka baada ya kupandisha, anza kuchunguza vitanzi vyenye go func, na vile unapohifadhi anwani ya kibadilika kwa alama ya &.