Gati lilitoa maji siku ya utepe tu, hii klipu niifanyie nini?

SWALI: Kamwene mhariri. Mimi ni kijana wa video hapa Mafinga, kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu, ila siku hizi napata na za miradi. Unarusha droni, unamchukua mgeni rasmi anakata utepe, mama anajaza ndoo anatabasamu, unaweka mziki na msimulizi mwenye sauti nzito, unalipwa basi. Mwaka jana nilishuti gati la maji kijiji kimoja huku Mufindi. Juzi nimepita tena na bodaboda naenda harusini, gati kavu, ndoo zimepangwa foleni wenyewe hawapo. Nikashuti dakika kumi hivi, hata sijui kwa nini. Rafiki yangu aliyesoma sanaa Bagamoyo anasema hiyo ni sanaa ya video, niitengeneze. Mi naona nitafanya propaganda ileile ila nimeigeuza upande. Nishaurini.
Mzee wa Droni, Mafinga

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Hiyo hofu yako ya propaganda ndo nzuri, ila tuanze na rafiki yako maana yuko sahihi nusu.

Sanaa ya video sio filamu iliyokosa hadithi. Ilianza miaka ya 1960 kamera za video za kubeba begani zilipotoka, wasanii wakachukua chombo kilichokuwa cha vituo vya TV wakaanza kukihoji kwa chombo hichohicho. Inaweza kujirudia siku nzima ukutani, skrini moja au sita, mtu anaingia na kutoka anavyotaka. Jirani yetu Mkenya, msanii Wangechi Mutu, mwaka 2015 alionyesha kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, video ya mwanamke anatembea na kapu kichwani, linazidi kujaa mizigo ya dunia hii mpaka linammeza. Hakuna msimulizi hata mmoja, na umeelewa.

Sasa hiyo kazi yako ya utepe ina babu yake. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu pale Vugiri, Tanga, wanashuti halafu wanazungusha sinema kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, kufundisha watu mmomonyoko wa udongo, minyoo, kilimo. Halafu Waingereza wakaanzisha mradi wao wa karanga Kongwa 1947, matrekta kibao, mvua ikagoma, 1951 wakafunga virago pauni milioni 36 zimeshapotea. Trekta linapendeza sana kwenye kamera bwana, mvua isiyonyesha utaishutije?

Na usidhani propaganda lazima iwe uongo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile ya redioni, watu walichimba vyoo kweli. Yule mama wako wa ndoo naye alitabasamu kweli, maji yalikuwepo. Shida ni kwamba umeruka yaliyotokea katikati, kati ya utepe na ukavu. Na hiyo klipu yako mpya nayo haina katikati! Ukiiachia hivyo mtazamaji atachagua mwizi wake mwenyewe, wengi watasema wamekula hela wakati pengine ni pampu imekufa, au kamati haikusanyi za mafuta, au milingoti, yaani mikaratusi, imepandwa hadi kwenye chanzo cha maji wakati sheria inataka mita 60 zisiguswe.

Angalia Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto unakauka kiangazi kule hifadhini, picha iliyosambaa ikawa ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, na 2006 hadi 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu, bonde la huko juu linaloulisha mto huo. Mashamba ya mpunga yanayokunywa maji hayohayo ya Usangu hayakuwa kwenye ile picha, mpunga ni kijani, mpunga unaonekana maendeleo. Nani angeushuku?

Kwa hiyo rudi kijijini, na usiende na droni. Droni ni jicho la mgeni rasmi, kutoka juu kila kijiji kinapendeza. Kaa chini na kamera kwenye stendi kuanzia alfajiri, ufuate zile ndoo zinakoenda, ongea na fundi, na mwenyekiti, na mwenye milingoti, hata kama sauti zao hutazitumia zote. Halafu weka skrini mbili pembeni kwa pembeni, utepe huku, alfajiri huku, msimulizi umtoe kabisa ila makofi ya siku ile yaache yaendelee kwenye ndoo tupu. Yule mama muulize kwanza kama anataka kuonekana tena, maana mara ya kwanza sidhani kama aliulizwa. Na futeji ya utepe soma mkataba wako ni mali ya nani kabla hujaigusa.

Pa kuonyeshea usisubiri Dar. Projekta unayo, shuka jeupe unalo, jenereta la harusi lipo, fungeni palepale kwenye gati. Ila kama ni Julai anzeni mapema saa moja kamili, maana kwa baridi ya Mufindi saa mbili wote washakimbilia jikoni kwenye moto.