Nilimpa pesa ya karo, akalipa deni la duka

Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu), nafanya kazi ya ofisi Mokowe, upande wa bara, kila siku navuka na boti. Nina jirani yangu mumewe ni mvuvi, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka 9. Mwezi wa tano alikuja kwangu analia kijana wake amerudishwa kutoka skuli kwa sababu ya karo, nikamtumia 15,000 kwa M-Pesa, pesa nilokuwa naweka nibadilishe bati la jikoni. Akanirudishia meseji, "nimeshalipa, shukran, Mungu akuzidishie". Wiki ya tatu namuona yule kijana amekaa barazani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, kumuuliza aniambia hajarudi skuli tangu siku ile. Nikaja kujua pesa nyingi ililipa deni la duka na nyengine alimtumia dadake mgonjwa. Tangu hapo anikwepa, akiniona tu aingia ndani, hata sahani zangu tatu na hotpoti nilompelekea futari Ramadhani hajarudisha mpaka leo. Niliumia nikawaeleza wenzangu wawili harusini, sasa maneno yamemfikia. Mamangu asema asoshukuru watu hamshukuru Mungu, nisimpe tena hata chumvi. Mume wangu asema ukishatoa umetoa, nyamaza. Nani yuko sawa, na je nilikosea kutaka nami niambiwe ukweli na ahsante?
Mama wa Langoni

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia tena baada ya alasiri, kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika kama wewe na sikutaka kukujibu na hasira. Umeniuliza mambo mawili ukayafunga fundo moja, ukweli na ahsante, na mimi nakuomba tuyafungue kwanza. Ukweli ulikuwa na haki nao. Ahsante hukuwa na haki nayo, hata ungempa nyumba.

Tuanze na ukweli. Jirani yako hakuja kusema nisaidie, alikuja kusema kijana amerudishwa, na wewe pesa ukaitoa kwa jina la yule kijana, kwa hivo ile haikuwa pesa ya mama, ilikuwa ni amana ya mtoto imepitia mkononi kwa mama. Hapo mumeo namheshimu lakini simfuati. Ukishatoa umetoa, ndio, ile sadaka ya kumtilia mtu mkononi ukaenda zako hiyo imeshatoka na hesabu yake iko kwengine, lakini hapa kuna mtoto amekaa barazani wiki tatu wenzake wako darasani, na wewe ukinyamaza huyo mtoto nani atamsemea? Na ile meseji ya "nimeshalipa" ni uongo, mwanangu, mimi siwezi kuupaka asali. Angesema "dada pesa imefika lakini nimebanwa, nimelipa kitu kengine" ungenuna siku mbili yakaisha.

Sasa lakini nataka ukae na swali moja, na ulijibu peke yako usinijibu mimi. Kama angekuja mlangoni kwako akakwambia ukweli wote vile ulivyo, kwamba anadaiwa dukani na mwenye duka ameshakataa kumkopesha hata unga, ungempa 15,000? Ama ungempa 1,000 na nasaha juu yake?

Mimi nauliza kwa sababu naijua miezi ile na wewe waijua. Mwezi wa tano ndio skuli zimefungua muhula wa pili, na ndio hapo hapo upepo wa kusi umekaza, nje ya mwamba hakuendeki, mashua ndogo zimepandishwa juu na wanaume wamekaa wanashona nyavu na kungojea. Wageni nao msimu wao umekwisha, hata yule alokuwa akipata kibarua kwenye nyumba za wageni Shela ameambiwa arudi kusi likipungua. Nyumba ya mvuvi miezi hiyo inakula kwenye daftari la duka. Leo unga kilo mbili, kesho mafuta ya kupimiwa, kesho kutwa sabuni na majani, kila kitu kinaandikwa na mwisho wa ukurasa kuna jumla, na siku mwenye duka akisema "mama, kwanza punguza deni", ile siku usiku watu hawali. Yule mama alikuwa na pesa 15,000 kwenye simu na nyumba nzima inataka kula usiku uleule, na karo yenyewe ni kitu cha kesho. Alichagua vibaya pengine, lakini hakuchagua kwa starehe, hakununua dhahabu.

Na hili nalisema kwetu sote tunaotoa, mimi nikiwemo. Tuna vitu ambavyo tunapenda kuvitolea na vitu ambavyo hatupendi. Ukisema karo, watu wanatoa. Ukisema yatima, hospitali, msikiti unavuja, watu wanatoa tena wanajipanga. Ukisema deni la duka watu wanakuangalia kama umevunja adabu, wanauliza mlikuwa mnakula nini mpaka likafika huko. Kwa hivo mwenye shida anajifunza ni neno gani linafungua mkoba na ni neno gani linaufunga, na hapo uongo unaanza, na mlango ule tumeufungua sisi. Tena dini haikumdharau mwenye deni hata kidogo, aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu 8 ya watu wa kupewa zaka na wenye madeni wamo ndani kwa jina lao, wamewekwa pamoja na mafakiri na maskini. Ikiwa ile 15,000 uliitoa kwa nia ya zaka basi jua hata kwa deni la duka ilikuwa ni haki yake, kosa ni kuipitishia njia ya uongo.

Simu nayo inachangia, mimi naona hivo. Kabla ya M-Pesa kuja 2007 mtu akikupa pesa mnakaa, anakuona uso, unakunywa chai yake, maneno mengine yanatoka bila kuulizwa. Saa hii ni mlio mmoja wa simu, pesa imeingia, unajibu maneno ya dua ulozoea kuandika, na uongo kuandika ni rahisi kuliko kusema mbele ya mtu.

Tuje kwenye ahsante, na hapa nitakwambia jambo langu. Babangu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kama 8, mamangu alibaki na sisi wanne. Kulikuwa na mama mmoja mwenye uwezo, nyumba yake ilikuwa na daka refu la kuingilia, kila Ijumaa alikuwa akitupa unga na sukari, na Mungu amlipe kwa sababu tulikula. Lakini kila Ijumaa mimi na dadangu tulikuwa tukisimama pale dakani na sufuria mkononi mpaka atoke, na akitoka alikuwa akiuliza mbele ya wageni wake, "mnasemaje?", nasi tunasema ahsante bibi, na kama sauti imetoka ndogo tunarudia. Nakumbuka baridi ya sakafu ile kwenye nyayo zangu na harufu ya udi kutoka ndani. Unga ule siwezi kukumbuka ladha yake hata nikikaa mwaka mzima. Mpaka leo nikipita njia ile nazunguka, na yeye ameshakufa zamani.

Ndio maana nakwambia ahsante ukiidai inageuka kitu kengine, inakuwa ni malipo, na mtu akishakulipa hakuna tena ulichompa. Kwenye Baqara aya ya 264 watu wameambiwa wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na mimi naomba unisamehe lakini lazima nikwambie, yale maneno ya harusini ndiyo hayo. Mwanangu, Amu mji mdogo. Vichochoro vyetu vyenyewe punda wawili wakikutana mmoja lazima angoje, wewe unadhani maneno uliyosema kwenye ukumbi wa wanawake wamevaa wakakaa yatachukua siku ngapi kufika? Uliyasema kwa uchungu, naelewa, lakini ulipomaliza kuyasema jirani yako alikuwa hana tena njia ya kurudi kwako kusema nisamehe, kwa sababu kosa lilokuwa kati ya watu wawili limeshakuwa la mtaa. Yeye alidanganya kwa siri wewe ukamvua nguo hadharani. Sisemi yamelingana, nasema na lako lipo.

Mamako amesema asoshukuru watu hamshukuru Mungu, na ni maneno ya Mtume, hapana ubishi. Lakini yameelekezwa kwa anayepokea, ayasikie mwenyewe ajirekebishe, hakuambiwa mtoaji ayachukue awe bakora. Mtoaji ana yake aliyoambiwa, ile aya ya 9 ya Suratul Insan ya watu wanaolisha wenye njaa wakasema hawataki kwao malipo wala shukrani. Kila mtu asome iliyoandikwa kwa ajili yake, na tukibadilishana ndipo tunagombana.

Na hili la usimpe tena hata chumvi, mkumbushe mama kisa cha Abubakar Siddiq, najua anakijua. Alikuwa na jamaa yake masikini, Mistah, akimtunza kwa mali yake, na yule Mistah akaingia kwenye wale waliomzulia Bibi Aisha, bintiye Abubakar mwenyewe. Hebu fikiria, unamlisha mtu naye anamchafua mwanao. Akaapa hatampa tena. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur, kwani hampendi Mungu awasamehe na nyinyi? Akarudi akampa kama alivyokuwa akimpa. Kosa la jirani yako ni deni la unga na meseji moja ya uongo.

Lakini sasa nikuambie kitu kilonishika kwenye barua yako, wewe umekitaja kwa kupita tu. Sahani. Sahani tatu na hotpoti. Wewe ni mtu wa Amu, umelelewa kujua sahani ya jirani hairudi tupu, ukiletewa na futari utairudisha na mahamri, na kaimati, na hata ndizi mbili ukikosa kabisa, lakini tupu hairudi, aibu. Huyu mama tangu Ramadhani anaangalia sahani zako jikoni kwake na hana cha kuweka ndani. Alafu juu ya sahani ikaja 15,000. Alafu juu yake uongo, alafu harusi. Wewe unaona mtu asiye na shukrani anakukimbia, mimi naona mtu ambaye kila akikuona anahesabu vile anavyodaiwa na wewe na anaona hatavimaliza. Mtu asiye na shukrani hakimbii mwanangu, huyo angepita mbele yako kichwa juu na angekuja tena kuomba mwezi wa saba.

Basi fanya hivi. Kwanza nenda kwa wale wenzako wawili uwaambie ulisema kwa hasira na mambo mumeyamaliza, hata kama bado, utakuwa umewapa neno lengine la kusambaza. Alafu nenda kwake mwenyewe, usitume mtoto wala meseji, nenda baada ya magharibi wakati watu wako ndani, na uanze na kosa lako. Sema, "Dada, nilikutaja harusini na haikuwa haki yangu, nisamehe." Nyamaza. Mwache alie kama atalia. Akitulia ndio umwambie, "Pesa najua ilikokwenda na siidai. Lakini uliniambia umelipa na hukulipa, na kijana akakaa nyumbani, hilo ndilo limeniuma. Siku nyengine niambie shida yenyewe, kama ninayo nitakupa na kama sina nitasema sina." Usiongeze. Usimtajie bati la jikoni, usimtajie ya miaka 9, na akikwambia ahsante ipokee usiipime.

Karo ya kijana ukiweza kusaidia tena mwisho wa mwezi ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya skuli, na umwambie mamake mapema kabla hujalipa ili asije akasikia kwa karani akajiona ameshikwa wizi. Kuna wanaosema hiyo ni dharau, mimi sioni hivo, pesa ya skuli iende skuli. Na ukiwa na kidogo cha pembeni, hata 500, mpe mkononi bila jina, asikwambie ya nini na wewe usimuulize. Siku za Maulidi pale msikiti wa Riyadha masahani ya pilau yanapita na watu kutoka kila pembe wanakula, hakuna anayesimama mlangoni kuuliza nani ana njaa ya kweli. Akikudanganya tena kwa jambo la mtoto, hapo acha kumpa pesa ya mkononi kabisa, lakini salamu usiache.

Sahani usizitaje. Siku ukienda usiangalie hata upande wa jikoni. Na kesho asubuhi kabla hujapanda boti piga simu skuli uulize kijana anaweza kurudi darasani kwa kiasi gani, walimu wengi wanakubali nusu wakiona mtu amejitokeza, alafu niandikie wamesemaje.