Jibu: Mbao za meza ya fundi hapa Lamu

Ndugu yangu, umeuliza wapi Lamu utapata Douglas fir, mbao ya mti wa Marekani, kwa kuwa mchoro wa meza yako ya fundi umetoka Marekani. Usihangaike. Kule wanaitumia kwa sababu ndiyo iliyo karibu nao. Meza yenyewe inataka mbao nzito, kavu na iliyonyooka, basi.

Miguu na fremu tumia saipresi ya bara, inakubali randa. Ila angalia vipimo: mbao iitwayo mbili kwa nne (inchi) ya Marekani ikishapigwa randa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Yetu ikitoka msumenoni huwa nene zaidi, kwa hiyo ukichimba matundu ya ndimi (ncha za mbao zinazoingia ndani ya matundu) kwa kufuata mchoro tu, hazitakaa. Pima mbao uliyonunua, kisha urekebishe mchoro.

Juu ya meza weka mwembe. Mafundi wa hapa wanaujua, lakini ukiwa mbichi hushikwa na ukungu na fukusi upesi. Inua mbao mbili za kipimo kimoja. Iliyo nzito kupita mwenzake bado ina maji. Funga jicho moja utazame ukingo wake, mpindo utauona.

Mbao ya mbambakofi ni bora, lakini bei! Ukiinunua, chukua kiini chekundu cha kahawia, si ule weupe wa pembeni ambao wadudu wanaupenda. Mvinje uwachie wajenzi, ukikauka hupasuka. Na muulize muuzaji kibali cha kusafirishia mbao kabla hujatoa pesa.