Kaka, binti yetu hajapotea

Kaka aliniandikia Jumapili iliyopita kuhusu binti yake, anayesoma chuo cha Kikristo hapa Marekani. Kwa kuwa wazazi wengine kutoka Iringa na Njombe wameshaniuliza swali lilelile, nimemwomba ruhusa nijibu waziwazi. Alisema hivi: "Mtoto yuko mwaka wa pili sasa. Kila nikimuuliza anasoma nini, ananitajia Agano la Kale, takwimu, uchoraji na Kihispania. Udaktari ameuacha? Hicho ni chuo au shule ya Jumapili? Na kanisani niwaambie nini?"

Shikamoo kaka. Nianze na udaktari, maana najua ndio unaokunyima usingizi.

Hakuna alichoacha, kwa sababu chuo chake hakitoi udaktari. Muhimbili mtoto anaingia akitoka kidato cha sita, anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Marekani shule ya udaktari inaanza baada ya shahada ya kwanza. Unamaliza chuo miaka minne, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, ukichaguliwa unasoma miaka minne mingine, na hapo ndipo mafunzo ya hospitalini yanaanza. Sheria nayo inasomwa baada ya shahada ya kwanza. Hata uchungaji: mwenye digrii ya dini kutoka chuo kama hicho bado anatakiwa kwenda seminari. Halafu kuna jambo ambalo mawakala wa vyuo hawalisemi. Shule nyingi za udaktari hazipokei kabisa mwanafunzi mwenye viza ya masomo, na baadhi ya zinazopokea zinataka kuona fedha ya miaka yote minne kabla hujaingia darasani. Hiyo "pre-med" unayoisikia ni orodha tu ya masomo ya kujiandaa. Haimfanyi mtu daktari.

Mimi sikuyajua haya nilipokuja mwaka 2009 na PCB yangu (fizikia, kemia na baiolojia) mkononi. Unakumbuka mnada ule baada ya ibada, ili nauli yangu ipatikane? Madebe ya maharage, kuku, na yule mbuzi ambaye mzee mmoja wa kanisa alimnunua, akamrudisha anadiwe tena, akamnunua tena. Mchungaji akatangaza kwamba binti huyu anakwenda kusomea udaktari. Nilipanda ndege na sentensi ile kichwani.

Mwaka wa pili nikakutana na kemia ya kaboni. Mtihani wa kwanza nilipata 52, wa pili 41. Usiku nilikuwa naosha vyombo bwaloni, asubuhi nasinzia maabara. Wakati huohuo kulikuwa na darasa la takwimu nililolichukua kujaza ratiba tu, na humo nilikuwa nasaidia wenzangu hata bila kufungua kitabu. Nilihamia hesabu na takwimu. Lakini nyumbani nilidanganya mwaka mzima: "Udaktari unaendelea vizuri, baba." Kila nikisema hivyo nilimwona yule mbuzi. Nilikuja kusema ukweli kwa simu, nimekaa kwenye chumba cha kufulia cha bweni, mashine zinanguruma. Baba aliuliza swali moja: "Hiyo takwimu inamponya nani?" Sikuwa na jibu. Wewe ndiye uliyechukua simu ukaniambia mzee ametoka nje kidogo.

Leo ninalo jibu. Nafanya kazi hospitalini, kazi yangu ni kufuatilia wagonjwa wanaorudi wodini ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, na kutafuta kwa nini wanarudi. Wapo watu ambao hawakurudi kwa sababu tuliona mapema kwamba hawakuwa na wa kuwafuatilia dawa nyumbani. Lakini mwaka ule wa kudanganya uliniumiza kuliko kemia yenyewe, na sitaki binti apite hapo.

Sasa hayo masomo yanayokuchanganya. Sisi tunachagua tahasusi tukiwa watoto. Ukishakuwa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mlango wa sayansi umefungwa. Chuo cha aina hii kinafanya kinyume. Shahada ni kama krediti 120, na kozi kuu, ambayo huku inaitwa meja, huchukua theluthi moja hivi au zaidi kidogo. Zinazobaki zinagawanywa kwenye Biblia na dini, historia, sayansi, lugha, sanaa. Wanaamini mtu asome upana kwanza. Kwa kawaida meja inatajwa rasmi mwishoni mwa mwaka wa pili. Kwa hiyo binti hajachelewa, yuko palepale anapotakiwa kuwa.

Na darasa la Agano la Kale si shule ya Jumapili. Wanasoma masimulizi mawili ya uumbaji katika Mwanzo sura ya 1 na ya 2, wanayapambanisha, wanaulizwa nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani. Akija likizo atakuuliza maswali mezani. Usiogope, kaka. Imani yangu ilitikisika mwaka wa kwanza ikatulia mwaka wa tatu, na ninayosali nayo leo ni ileile. Pia vyuo vya Kikristo havifanani. Wheaton kule Illinois mwanafunzi anasaini agano la namna ya kuishi. Vya Kilutheri, kama Luther kule Decorah au St. Olaf kule Minnesota, vinapokea hata asiye Mkristo. Cha binti ni cha mkondo huu wa pili, hivyo usishangae akikutajia rafiki Mwislamu au asiye na dini.

Hapo chuoni wanapenda sana neno wito. Ni fundisho la Luther mwenyewe, kwamba fundi viatu na mama anayelea mtoto wanamtumikia Mungu sawa na mchungaji. Nalipenda fundisho hilo na nimeishi nalo. Ila maprofesa wanapowauliza wanafunzi "wito wako ni nini," wanasahau kwamba watoto wa hapa wakikosea wanarudi chumbani kwao kwa mama. Mwenye viza ana kalenda. Kwa kanuni ninazozijua, akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na kozi yake miezi 12, na katika hiyo asikae bila kazi zaidi ya siku 90. Kozi ikiwa kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, anaweza kuomba miezi 24 ya nyongeza. Wakati wangu nyongeza ilikuwa 17, na ndiyo iliyoniokoa. Uuguzi, ambao kila mtu kanisani anamshauri, haumo kwenye orodha hiyo. Uchumi ni mtego zaidi: chuo kimoja kinausajili kwa kode iliyo ndani ya orodha, kingine kwa kode iliyo nje, na vitabu ni vilevile. Kwa hiyo kabla hajasaini chochote aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize kode ya kozi, ile inayoandikwa kwenye I-20 yake, yaani hati ambayo chuo kilimpa ya kuombea viza. Ni swali la dakika tano.

Asome pia barua yake ya ufadhili. Wangu ulikuwa wa semista nane, basi. Kubadili meja mwaka wa tatu kunaweza kuzaa semista ya tisa, na mikopo ya serikali ya hapa haimhusu. Kazi za chuoni ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hela ya sabuni na vitabu.

Na kama anataka kurudi nyumbani, jambo ambalo ningelifurahia, lazima shahada itambuliwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na fani zenye bodi zina masharti yake. Digrii ya fizikia haimfanyi mtu mhandisi mbele ya bodi ya wahandisi. Hilo alijue sasa.

Unataka maoni yangu. Alikuja kwangu sikukuu ya Shukrani. Tulikuwa tunasuuza vyombo, akaanza kunieleza kwa nini wastani wa bei ya debe la mahindi Kilolo unamdanganya mkulima. Alifuta mikono, akachukua bahasha ya bili ya umeme, akachora grafu nyuma yake, maji yanaendelea kutiririka. Sikuwa nimemuuliza. Katika siku nne zile hakutaja baiolojia hata mara moja. Ningemwacha achukue takwimu, na lile darasa la dini aendelee nalo kama fani ndogo, kwa sababu linamfanya asome kwa makini.

Kanisani waambie yuko mwaka wa pili, anafaulu, na kozi ataitaja mwezi wa nne. Wakiuliza udaktari, waambie bado hajaufikia na huenda asiufikie. Wape ukweli mapema, wataupokea.

Mpigie Jumamosi saa moja usiku ya huko. Kwake itakuwa saa nne asubuhi na hana zamu bwaloni. Muulize habari za ile grafu ya mahindi.